Ua na Sitara katika Mji wa Unguja

Katika Kiswahili neno ua lina maana mbili ambazo upatanisho na wingi ndio huzipambanua. Ua huu, ambao wingi wake ni nyua, ni wigo, au kiwanja kilichozungushiwa wigo nyuma ya nyumba. Ua hili, ambalo wingi wake ni maua, ni chanuo la mmea. Kufanana huko ni sadfa ya sauti tu. Lakini neno kitalu limebeba mambo hayo mawili kwa mfululizo wa historia: zamani lilitumika kwa ukuta wa mawe au udongo unaozunguka kiwanja au bustani, na siku hizi hutumika zaidi kwa mahali pa kuoteshea miche. Kuziba na kupanda, basi, ni mambo yaliyokaa pamoja katika lugha kabla ya serikali yoyote kuyaandikia sheria.

Sheria za mji wa Unguja zinazohusu kuta, miti na viwanja vya wazi zina historia ya karne moja hivi. Aghalabu husimuliwa kana kwamba kabla yake hapakuwa na utaratibu. Kwa hakika utaratibu ulikuwapo, na msingi wake ulikuwa sitara. Kilichobadilishwa na sheria ni jibu la swali moja: nani anasitiriwa, na anasitiriwa na nani?

Katika nyumba za mawe za Shangani, Malindi na Mkunazini, mgeni alikomea barazani au katika daka la mlango. Aliyeruhusiwa kuingia hakuona ndani moja kwa moja, kwa kuwa njia ya kuingilia ilipinda kabla ya kufika uani. Madirisha ya chini yalikuwa madogo na ya juu yalizibwa kwa mbao za kimiani, ili upepo upite na jicho lizuiliwe. Adabu ya ujirani katika Uislamu haimruhusu mtu kuchungulia nyumba ya mwenziwe, na kwa ajili hiyo dirisha lililotazama ua wa jirani lilikuwa jambo la kulalamikiwa. Majumba ya wafalme nayo yalifuata kanuni hiyo kwa ukubwa zaidi. Bibi Salme binti Said, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, katika kumbukumbu zake zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, ameueleza ua mpana wa jumba la Mtoni, walimotembea tausi na paa.

Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliotenga rasi ya mji, nyumba zilikuwa za udongo na miti na kuezekwa kwa makuti. Huko pia mpango ulikuwa ule ule: baraza mbele, vyumba katikati, na ua nyuma. Ua ulizungushiwa wigo wa makuti, na ndani yake palipikwa, palifuliwa, palilelewa watoto, na pengine palipandwa mpapai au mnazi. Gharama ya sitara hiyo ilikuwa ndogo: wigo uliochakaa ulibadilishwa kwa makuti mapya.

Jambo moja linafaa kutajwa hapa, kwa maana wapangaji wa miji waliofuata hawakulizingatia sana. Kwa desturi ya Unguja, mti ungeweza kuwa na mwenyewe asiyekuwa mwenye ardhi. Hivyo kiwanja kiliweza kuwa cha mtu mmoja, nyumba ya mwingine, na minazi ya mtu wa tatu. Kukata mti au kuupanda hakukuwa urembo wa kiwanja, bali tendo lenye haki na madai ndani yake. Wakazi wa Ng'ambo walipogoma kulipa kodi ya viwanja mwaka 1928, mgogoro ulihusu swali hilo hilo la kipi ni cha nani pale mtu alipojenga.

Majina ya mitaa ni ushahidi mwingine. Mkunazini ni mahali pa mkunazi. Miembeni ni penye miembe. Michenzani ni penye michenza. Kikwajuni ni pa kikwaju, yaani mkwaju mdogo. Na Mnazi Mmoja hauhitaji tafsiri. Watu waliagizana na kukutana kwa alama ya mti. Mti wa aina hiyo ulikuwa wa wote kwa matumizi yake, hata kama ulikuwa na mwenyewe.

Utaratibu wa pili ulikuja na Waingereza baada ya mwaka 1890, na hoja yake kubwa ilikuwa afya. Mwaka 1913 tabibu W. J. Simpson alitumwa kuchunguza hali ya miji ya Afrika Mashariki na Unguja. Ushauri wake ulikuwa kwamba makao ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika yatengwe, na kati yao uachwe ukanda wa ardhi usiojengwa. Kwa Unguja maumbile yalikuwa yameanza kazi hiyo, kwa kuwa mkono wa bahari ulijaa na kupwa kati ya mji na Ng'ambo. Mkono huo ulipofukiwa kidogo kidogo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kilichokuwa maji kikawa uwanja. Taarifa ya H. V. Lanchester, mpangaji wa miji aliyewahi kufanya kazi Bara Hindi, iliyochapwa mwaka 1923, iliendelea kuichukulia sehemu hiyo kuwa nafasi ya kuachwa wazi.

Hivyo viwanja vya Mnazi Mmoja vilipata nyasi na miti. Palikuwa na sehemu ya gofu na kriketi ya Wazungu, na sehemu za michezo za jamii nyingine. Kwa macho ya mpita njia pale palikuwa mahali pazuri. Kwa mantiki ya mpango palikuwa ukuta usio na mawe: sitara iliyotoka nyumbani na kuwekwa kati ya watu na watu. Hapana shaka wakazi wa Ng'ambo waliutumia uwanja huo kwa mpira na kwa sikukuu, na kwa kuutumia wakaupa maana ambayo waliouchora hawakuikusudia.

Bustani ya Forodhani ina asili nyingine. Jina lake linakumbusha forodha iliyokuwapo pale pwani. Mwaka 1936 bustani ilitengenezwa kwa heshima ya miaka 25 ya kutawala kwa Seyyid Khalifa bin Harub, na mahali pa shughuli za bandari pakawa pa kupunga upepo. Baadaye Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji ya mwaka 1955 iliweka utaratibu wa kutayarisha mipango na kutoa ruhusa za kuendeleza viwanja, na mpango wa Kendall na Mill wa mwaka 1958 ukagawa mji kwa kanda za matumizi. Tangu hapo nafasi ya wazi ikawa rangi katika ramani.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi yote ilifanywa mali ya umma. Mpango wa mwaka 1968, uliotayarishwa na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, ulikusudia kuondoa tofauti ya mji wa mawe na Ng'ambo kwa kuijenga Ng'ambo upya. Majumba marefu ya Michenzani yalisimamishwa pande mbili za barabara pana, na nyumba nyingi za zamani zikabomolewa. Nia ilikuwa ya usawa, na maelfu walipata maji ya bomba na umeme. Lakini mpango ulihesabu vyumba na haukuhesabu nyua. Kazi za uani zilipandishwa ghorofani, kwenye roshani inayoonekana na kila mtu, na ardhi iliyobaki kati ya majumba ikawa ya wote bila ya kuwa ya mtu.

Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe, na mwaka 1994 ukatoka mpango wa hifadhi uliotayarishwa kwa msaada wa Shirika la Aga Khan la Utamaduni. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji katika Urithi wa Dunia, eneo la hekta 96 pamoja na ukanda wa kinga unaolizunguka. Neno kinga linastahili kuangaliwa. Ukanda wa Simpson ulikusudiwa kuwakinga watu fulani na watu wengine. Ukanda huu unakusudiwa kuukinga mji na majengo yasiyolingana nao.

Mifano miwili ya Shangani na Forodhani inaonyesha jinsi kanuni hizo zinavyopimwa. Bustani ya Forodhani ilitengenezwa upya na Shirika hilo na kufunguliwa mwaka 2009. Miti mikubwa ilitunzwa, na wauzaji wa chakula cha jioni wakapewa nafasi yao. Hatua chache kutoka hapo, ubavuni mwa nyumba ya kale ya Mambo Msiige, ilijengwa hoteli iliyofunguliwa mwaka 2015. Kamati ya Urithi wa Dunia ilionyesha wasiwasi juu ya ukubwa wa jengo hilo jipya katika ukingo wa bahari ambao ndio uso wa mji.

Kanuni ya kiwanja inaweza kudai miti kadhaa, ua wa kimo fulani, na umbali fulani kutoka njiani, na mwenye kujenga akayatimiza yote huku jirani amekosa upepo na mji umekosa bahari. Mafundi na wazee wa Unguja hawakuwa na vipimo vya maandishi, lakini walikuwa na kipimo cha madhara: je, ukuta huu unamsitiri mwenye nyumba, au unamnyima jirani? Sheria mpya zitakuwa na nguvu zikilirudia swali hilo kabla ya kuhesabu miti. Maneno ya kulitungia hayahitaji kuazimwa. Sitara, ua, kitalu na baraza yamo katika Kiswahili, na kila moja lina haki na wajibu wake uliokwisha kujulikana.