Kuandika Chakula

Wazee wa pwani hawakuandika barua peke yake. Waliandika na chakula. Ukimsikia bibi wa Unguja au wa Mombasa akimwambia binti wa nyumbani, "Nenda kaandike chakula, wageni wamekwisha nawa," usidhani kwamba anaagiza kalamu na karatasi. Anaagiza jamvi litandikwe, sinia litiwe katikati, vibakuli vya mchuzi vizungushwe, na birika la maji lisogezwe karibu. Kuandika, katika maana hiyo kongwe, ni kuweka vitu mahali pake kwa taratibu. Ndiyo maana mpaka leo mtu aliyepata ajira husema ameandikwa kazi, hata kama bwana mwenye kazi hajui kusoma. Kazi ya kuondoa vyombo baada ya watu kushiba iliitwa kuandua, neno ambalo sasa ni nadra kulisikia. Na mwandikaji, kabla hajawa mtu wa vitabu, aliweza kuwa mtumishi wa mezani.

Nimelishika neno hili kwa sababu naona limebeba siri ambayo wanaosifia mlo wa zamani huipita bila kuitazama. Kila jamii inayopanga vyombo hupanga na watu. Nani aketi, nani asimame, nani anawe kwanza, nani angoje jikoni: hayo yote huandikwa pamoja na wali.

Tuanze na ushahidi wa mgeni. Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alishuka Mogadishu na akatuachia maelezo ya mlo ambayo mpishi wa leo angeyatambua. Alipewa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika chano kikubwa cha mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando yaliyoandamana na malimau ya kutiwa chumvi, pilipili za siki, tangawizi na maembe. (Pilipili hizo si hizi zetu nyekundu za kuwasha, hizo za Marekani zilikuwa bado hazijavuka bahari. Ni jamaa ya pilipili manga.) Akaongeza, kwa mzaha au kwa mshangao, kwamba mtu mmoja wa mji ule hula sawa na kundi la watu wa kwao. Alipofika Kilwa alimsifu Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, kuwa ni mnyenyekevu anayeketi na mafakiri na kula nao. Msafiri aliona jambo hilo linastahili wino. Laiti masultani wote wangekula na mafakiri, nani angejisumbua kuliandika?

Ardhi nayo inasema. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliochunguza mbegu zilizoungua huko Pemba wameonyesha kwamba mawele yalitangulia, na kwamba kuanzia karne ya 11 mpunga ulichukua nafasi kubwa. Katika karne hizohizo vyombo pia vinabadilika: vyungu vya mdomo mwembamba vinaongezewa mabakuli yaliyo wazi, ya kufinyangwa nyumbani na ya kuletwa kutoka Uajemi na China. Mwanaakiolojia Jeffrey Fleisher amelitazama badiliko hilo kama alama ya karamu: bakuli lililo wazi ni la kuonwa na kuchotwa na watu wengi. Mabakuli ya China yalithaminiwa hata yakajengewa katika nguzo za makaburi, kama yale ya Kunduchi, na kupangwa katika vidaka vya nyumba za Lamu na Pate. Mtu alikufa, lakini chombo cha kukaribishia wageni kilibaki juu ya kichwa chake.

Hapa pana jambo la lugha ambalo halinichoshi. Sinia, chombo tunachokiona kuwa chetu kabisa, tumelichukua jina lake kwa Waarabu, nao wakalitoa katika jina la China: siniyya, yaani kitu cha Kichina. Sahani ni neno la Kiarabu. Bilauri asili yake ni neno la kioo cheupe kama fuwele. Sufuria imetokana na neno la Kiarabu la shaba ya manjano. Meza ni ya Wareno. Chano, chungu, kawa na mwiko ni vyetu vya Kibantu, na uma pia, ingawa uma wa kulia chakula tuliupata kwa wageni. Kitu kiligeni, jina likawa la nyumbani.

Sinia lina sheria zake, na mtoto alifundishwa sheria hizo kabla ya herufi. Hula kwa mkono wa kulia. Hula cha mbele yako, wala usiufanye mkono mtalii. Ndiyo adabu ambayo Mtume alimfundisha kijana aliyelelewa nyumbani kwake, na kila chuo cha Kurani cha pwani kiliirudia. Nyama hukaa katikati na huigusi mpaka mkubwa aigawe. Husimami wa kwanza ukamwacha mgeni anaona haya kuendelea. Methali yetu ya kwamba ukila na kipofu usimguse mkono haieleweki hata kidogo katika nyumba ya sahani mojamoja. Inataka sinia: kipofu hajui kama wenziwe wanakula haraka au polepole, anaamini tu, ukimgusa, umemtia shaka kwamba anaibiwa. Methali nzima imejengwa juu ya uaminifu wa mikono inayokutana pasipo macho.

Si sisi peke yetu. Habeshi hutandika injera moja ya duara, watu wakaizunguka, na mpendwa hulishwa tonge mkononi kwa mkono wa mwenziwe. Hata Ulaya, ambayo wengi wetu twaidhania ilizaliwa na kisu na uma, kwa karne nyingi walichota katika bakuli moja kwa vidole na vijiko. Thomas Coryat, Mwingereza aliyetembea Italia, alichapisha kitabu mwaka 1611 na kuwaeleza wenzake ajabu ya uma; sababu aliyoitaja ni kwamba Waitalia hawapendi chakula chao kiguswe kwa vidole, kwa kuwa si vidole vya watu wote vilivyo safi. Nao Wachina walikwenda njia ya kinyume: katika enzi ya Han watu wa hadhi walikula kila mmoja na kimeza chake kifupi, na ni baada ya viti na meza ndefu kuenea, kufikia enzi ya Song, ndipo ulaji wa kuzunguka meza moja ulipopata nguvu. Kwa hiyo anayesema kwamba sinia ni Uafrika na sahani ni Uzungu hajatazama mbali. Ni nyakati zinazopishana.

Lakini turudi kwenye siri ya kuandika. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na baadaye akaitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Ndani yake ameueleza mlo wa jumba la Mtoni: sufra ndefu iliyoinuka kidogo tu kutoka chini, baba yake mbele, watoto wakubwa karibu naye, wadogo mwishoni, na wasiofikisha miaka saba hawaji kabisa. Kisha anataja jambo moja kwa utulivu unaotisha. Masuria hawakula na Sultani, hata yule aliyependwa kuliko wote. Watoto wao walikuwa sawa na watoto wengine wa mfalme, na waliketi sufrani. Mama zao la.

Mama yake Salme, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyenyakuliwa akiwa mtoto. Hesabu basi, msomaji. Binti aketi na baba yake, anyooshe mkono katika chakula cha baba yake, na mama aliyemzaa ale pengine. Si kwa chuki, wala si kwa adhabu. Ni kwa mpango tu. Ndivyo chakula kilivyoandikwa.

Na chini ya masuria walikuwapo wengi wasioonekana kabisa katika kumbukumbu za sufra. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilishwa kwa muhogo, zao lililotoka Marekani na kuletwa pande hizi na Wareno. Mtumwa alilima karafuu za wengine, akala muhogo alioupanda katika kijisehemu chake. Wali ulikuwa chakula cha waungwana, na watu waliotaka kuhesabiwa waungwana walijua hivyo. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu miji ya Mrima, hasa Pangani, ameonyesha jinsi karamu zilivyokuwa uwanja wa mashindano: wakubwa walizitumia kujitukuza, na watu wa chini walizitumia kubisha mlango. Kukubaliwa karamuni kulikuwa kukubaliwa mjini. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922, sheria haikusema neno juu ya masinia. Hayo yalibaki kwa watu wenyewe.

Nyumbani kwetu Tanga masinia yalikuwa mawili. La kwanza lilikwenda ukumbini kwa baba, ami zangu na mgeni yeyote wa kiume. La pili lilibaki uani kwa mama, mashangazi na sisi watoto. Nyama ilikuwa imekwisha kupungua ilipofika uani, na hakuna aliyelalamika kwa sauti. Bibi yangu hakuketi kwenye lolote kati ya hayo mawili. Yeye alibaki jikoni na sufuria, akikwangua ukoko, akisema anaupenda. Niliamini kwa miaka mingi kwamba anaupenda. Huenda aliupenda kweli. Huko Buganda wa zamani mwanamke alimpika kuku kwa ustadi wake wote naye mwenyewe hakumla, wala mayai hakula. Sidhani kwamba wanawake wote wa nchi nzima walizaliwa hawapendi kuku.

Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, katika utenzi wake maarufu wa mwaka 1858, alimuusia bintiye jinsi ya kumhudumia mume, chakula kikiwamo. Wasomi wa siku hizi wamegawanyika: wengine wanausoma kama utii mtupu, wengine wanaona hekima ya mama anayemfundisha bintiye kuishi salama katika nyumba isiyokuwa yake. Mimi naegemea upande wa pili. Anayeandika chakula ana nguvu ndogo, lakini ni nguvu: yeye ndiye anayejua sinia lina nini, na nani ametengewa nini chini ya kawa.

Kwa hiyo ninaposoma mashairi mengi yanayoililia sahani ya mtu mmoja mmoja, kwamba imeua udugu na kwamba sinia lilikuwa umoja, nakubali nusu. Wanaotuzunguka katika sinia huzoeana. Hilo nimeliona arusini, watu sita wasiojuana wakiinuka marafiki. Nusu ya pili siikubali. Sahani ilipoingia nyumbani kwetu, pamoja na meza ya mbao ya mvule aliyoiagiza baba kwa fundi wa jirani, viti vilikuwa sita. Mama alikalia kimojawapo. Siku za mwanzo aliinuka kila mara kwenda kuleta chumvi, maji, kijiko kilichosahauliwa, na tonge lake likapoa. Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, siku moja aliinuka yeye, akaenda jikoni, akarudi na chumvi.

Bibi aliitwa mezani na akakataa. Alisema miguu yake haijui kuning'inia. Basi dada yangu mdogo akawa anabeba sahani mbili, yake na ya bibi, wakala pamoja juu ya mkeka, na katika sahani ya bibi kulikuwa na nyama.