Tarehe ya Tembo Katika Njia ya Miritini

Tembo la mnazi haliwekwi. Likishushwa alfajiri ni tamu, adhuhuri limekwisha kuchachuka, jioni ni kali, na siku moja au mbili baadaye ni siki. Hakuna anayelitia hamira. Imo hewani na ndani ya kitoma chenyewe. Ndiyo maana tarehe ya biashara hii Mombasa ni tarehe ya saa na ya njia, na njia yenyewe ni ile itokayo Kaloleni, ikashukia Mazeras, ikapita Miritini na Changamwe, ikaingia kisiwani.

Wagema wengi wa njia hii ni Wamijikenda, hasa Wagiriama na Warabai. Mgema hupanda kwa vidato vilivyochongwa mtini, kotama kiunoni, akakata ncha ya karara ambalo halijafunguka na kulining'inizia kitoma. Hurudi asubuhi na jioni kuteremsha, na kila arudipo hukata tena kijipande chembamba ili utomvu usizibe. Karara linalogemwa halizai nazi, kwa hiyo mwenye mnazi huchagua: nazi za kesho au pesa za leo. Mwanaanthropolojia David Parkin, aliyekaa na Wagiriama wa Kaloleni miaka ya 1960, alieleza katika kitabu chake Palms, Wine, and Witnesses cha 1972 jinsi watu wachache walivyokusanya minazi na mashamba ya wenzao waliobanwa na mahari na matanga, wazee wakiitwa kushuhudia nani alimuuzia nani. Tembo lilikuwa limeshakuwa mtaji.

Mji ndio uliolifanya hivyo. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, bandari ya Kilindini ikapanuka, na kiwanda cha kusafisha mafuta kikafunguliwa Changamwe mwaka 1963. Watu wa mshahara walijaa upande wa bara wa mji, na mtu aliyeshinda akibeba magunia alitaka mahali pa kukaa na wenziwe jioni. Mahali hapo palikuwa mangwe: ua, paa la makuti, mabenchi, kitoma na mrija wa kila mnywaji. Mwenye mangwe mara nyingi alikuwa mama, na kwa mapato hayo alisomesha watoto. Sisemi kwamba mangwe hayakuvunja nyumba za watu. Yalivunja, na majirani wanajua. Lakini ndiyo yaliyokuwa kiwanda na baraza ya maskini wa bara.

Serikali ya kikoloni iliitazama chupa kwa jicho jingine. Ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda cha bia Ruaraka, Nairobi, mwaka 1922. Mwafrika alikatazwa kuinunua bia hiyo ya chupa hadi mwaka 1947. Kwa robo karne nzima kinywaji cha kiwanda kilikuwa cha wengine, na cha Mwafrika kilikuwa kitu cha kupewa kibali na kuviziwa na askari. Uhuru ulikuja, lakini mgawanyo huo haukuondoka: sheria ya 1971 iliviweka vinywaji vya kienyeji chini ya leseni yake ya pekee, mbali na bia.

Muziki wa pwani hii ulibahatika zaidi. Joseph Ngala, mtoto wa Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, alianzisha muziki wa bango. Bendi ya Them Mushrooms ilitoa Jambo Bwana mwaka 1982, wimbo ukaenda dunia nzima kutoka kumbi za hoteli za watalii. Ngoma za Wamijikenda nazo ziliingia hotelini. Tembo, lililonywewa katika ngoma hizohizo kwao, lilibaki nyuma ya nyumba.

Pigo lililoniuma zaidi ni sheria ya vileo ya 2010, tunayoiita ya Mututho, mbunge aliyewasilisha mswada wake. Iliruhusu baa kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana Jumamosi na Jumapili. Kwa bia si kitu, chupa hungoja. Tembo la alfajiri likingojeshwa hadi saa kumi na moja limekwisha kuwa kinywaji kingine, kikali kuliko kile mama wa mangwe alichonunua. Sheria iliyokusudia kupunguza ulevi ilimwamuru muuzaji auze tembo likiwa limeshakuwa kali.

Kwamba Mkenya mweusi anaweza kumiliki kiwanda cha vileo si swali tena. Tabitha Karanja alianzisha Keroche huko Naivasha mwaka 1997 kwa mvinyo, na mwaka 2008 akatoa bia ya Summit. Wanunuzi nao wapo: Miritini, tangu Mei 2017, ndiyo kituo cha Mombasa cha reli mpya. Abiria wa Nairobi hushukia hapa, hatua chache kutoka njia ya mnazi. Tembo likipashwa moto kwa kipimo hamira hufa, likatiwa chupani likakaa. Kinachohitajika ni birika za chuma, mashine ya kuziba chupa, maabara ndogo, cheti cha ubora, na ushirika wa wagema wenye hisa zao.

Leseni za vileo ziko mikononi mwa kaunti chini ya Katiba ya 2010. Kaunti ya Mombasa na ya Kilifi zikae pamoja zitoe leseni mbili: moja ya kiwanda cha ushirika hapa Miritini, nyingine ya mangwe yenye saa zinazofuata mgema anaposhuka mtini.