Mkimbizi wa Malawi aliyealikwa kwenye Kigoda cha Mwalimu

Kila Machi ikifika, kuna jina ambalo hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na kule Lilongwe lingestahili kutajwa zaidi ya linavyotajwa. Ni la Thandika Mkandawire, mchumi wa Malawi aliyefariki Stockholm tarehe 27 Machi 2020. Kabla ya uchumi alikuwa mwandishi wa habari. Na kwa karibu miaka 30 alikuwa kama walivyo wasomaji wengi wa safu hii: mtu asiyeweza kurudi kwao.

Wanaofuatilia mihadhara ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanamkumbuka. Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kiti cha uprofesa chuoni hapo, kilianzishwa mwaka 2008, Profesa Issa Shivji akawa wa kwanza kukikalia. Mwaka uliofuata likaanza tamasha la wanazuoni, mgeni wa heshima akiwa Wole Soyinka wa Nigeria. Akaja Samir Amin wa Misri, akaja Micere Mugo wa Kenya. Zamu ya Thandika ilipofika alizungumzia miaka 50 ya uhuru wa Afrika kama alivyoiona kwa macho yake, na Mkuki na Nyota wakauchapisha mhadhara huo mwaka 2013.

Lakini mchango wake ninaoupenda kuliko yote ni ule ugomvi juu ya maneno mawili: utawala bora.

Mwaka 1989 Benki ya Dunia ilikuwa ikiandaa ripoti kuhusu Afrika kusini mwa Sahara. Marekebisho ya uchumi yalikuwa yamezibana nchi zetu karibu muongo mzima, na neema iliyoahidiwa haikuonekana. Benki ikawaita wasomi wa Kiafrika, iwasikilize. Wakasema shida iko kwenye uhusiano wa dola na watu wake: tunataka dola inayoleta maendeleo, inayofuata demokrasia, isiyomtupa mtu nje. Yote matatu kwa pamoja. Ripoti ilipotoka, dhana ya utawala ilikuwamo, ila maana yake ikazidi kupunguzwa kadiri miaka ilivyokwenda: hesabu safi, ukaguzi, mazingira ya kumvutia mwekezaji. Kisha utawala bora ukawa sharti la kupewa msaada. Thandika aliisimulia safari hiyo katika makala yake ya mwaka 2007, hatua kwa hatua, kama mzazi anayefuata nyayo za mtoto aliyechukuliwa. Wazo lilikuwa la Waafrika, likarudishwa kwao likiwa amri.

Mwalimu mwenyewe alikuwa amelishtukia. Oktoba 1998, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, alisema kwamba neno utawala bora likitoka kwa mataifa tajiri lilimkumbusha Uingereza ya zamani, ambako maskini alipewa sadaka baada ya kupimwa kama anastahili. Anayesimama kwenye foleni ya mgao hapa kambini hahitaji kufafanuliwa.

Thandika hakuyatoa haya vitabuni tu. Akiwa kijana alikamatwa na wakoloni kwa kudai uhuru. Uhuru ukaja mwaka 1964 akiwa masomoni Marekani, na ndani ya miezi michache waziri mkuu Kamuzu Banda akagombana na mawaziri wake. Mlango wa kurudi ukafungwa, Sweden ikampa hifadhi. Kisha akaenda Dakar kuliongoza baraza la watafiti wa Afrika, CODESRIA, kuanzia 1986 hadi 1996, na baadaye akafundisha London.

Wakati huohuo, Dzaleka ilikuwa gereza la wapinzani wa Banda. Husimuliwa kwamba jina lenyewe, kwa Kichewa, ni ahadi ya mfungwa kwamba hatarudia. Banda aliangushwa kwa kura mwaka 1994, na waliofungiwa nje kama Thandika wakaweza kukanyaga tena ardhi yao. Mwaka huohuo gereza likageuzwa kambi, tukaanza kuingia sisi, kutoka Kongo, Rwanda na Burundi.

Mahali palipotengwa kwa watu kama 12,000 sasa tumezidi 50,000. Vijana wetu wanasoma humu humu, wengine hadi stashahada, kupitia mpango ulioletwa na Wajesuiti. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakifanya biashara mijini warudi kambini, wakaacha maduka yao. Kigoda cha Dar es Salaam kinaendelea, na waliokikalia wamebadilika. Lakini sisi hata mhadhara wa jirani uko mbali: kutoka Dzaleka hadi Lilongwe ni kilomita zisizozidi 50, na kijana anayetaka kwenda kusikiliza mhadhara wa chuo mjini lazima kwanza aombe kibali.