Nasaba ya 25 ya Misri (Wafalme wa Kushi)

Nasaba ya 25 ni ukoo wa wafalme wa Kushi, nchi iliyokuwa kaskazini mwa Sudani ya leo, uliotawala Misri ya Kale kuanzia katikati ya karne ya 8 KK hadi 656 KK. Vitabu vingi huuweka katika fungu moja na watawala wa kigeni kama Wahyksos, Waashuru na Waajemi. Lakini wafalme hawa waliabudu Amuni, mungu wa Misri, waliandika kwa hieroglifi na kuzikwa chini ya piramidi, na kwa mambo ya ibada walikuwa wakali kuliko Wamisri wengi wa zama zao.

Chanzo

Mafarao wa Ufalme Mpya waliitawala Kushi kwa karne kadhaa na kujenga hekalu kubwa la Amuni chini ya mlima Jebel Barkal, karibu na maporomoko ya nne ya mto Naili. Ufalme huo ulipoanguka, Misri iligawanyika mikononi mwa machifu wenye asili ya Libya, huku Kushi ikipata wafalme wake wenyewe, makao yao yakiwa Napata. Amenirdis, binti wa mfalme Kashta, alifanywa mrithi wa cheo cha Mke wa Mungu Amuni, yaani kuhani mkuu wa kike huko Thebes, na hivyo kusini mwa Misri kukaingia chini ya ukoo huo.

Vita vya Piye

Habari za Piye, mrithi wa Kashta, zimechongwa katika mistari 159 kwenye jiwe lililogunduliwa Jebel Barkal mwaka 1862, ambalo sasa liko Cairo. Wakati huo Misri ilikuwa na wafalme wanne kwa mpigo: Osorkon, Iuput, Nimlot na Peftjauawybast. Tefnakht, chifu wa mji wa Sais kaskazini, alianza kuwameza wenzake na kuuzingira mji wa Herakleopolis. Nimlot wa Hermopolis, aliyekuwa upande wa Piye, akahamia kwa Tefnakht.

Mnamo 728 KK Piye alituma jeshi, akiliagiza lijitakase mtoni Thebes kabla ya kupigana. Baadaye akaja mwenyewe. Hermopolis ilizingirwa hadi ikasalimu amri. Piye hakutaka hata kuwatazama wanawake wa Nimlot, lakini alipoingia zizini na kukuta farasi wamekondeshwa na njaa, alighadhibika kuliko kwa kosa lolote la Nimlot. Memphis, yenye kuta ndefu, aliiteka kwa upande wa mto, maji yakiwa yamejaa na merikebu zimefungwa hadi kwenye nyumba. Wafalme walipokuja kusujudu, Nimlot peke yake aliruhusiwa kuingia ikulu. Wenzake watatu walizuiwa mlangoni kwa kuwa hawakutahiriwa na walikula samaki. Tefnakht aliapa utii hekaluni. Piye alipakia ngawira, akarudi Napata na kuwaacha wapinzani wake katika miji yao. Huruma hiyo ilimgharimu, kwani Sais iliinuka tena. Alizikwa El-Kurru, na farasi walizikwa karibu naye.

Shabaka na Shebitku

Wafalme hawa wawili, waliotawala baada ya Piye, waliirudisha kaskazini mwa Misri chini ya Kushi na kuiondoa Nasaba ya 24 ya Sais. Wataalamu hawakubaliani kuhusu nani kati yao alitangulia.

Taharqa na Waashuru

Taharqa (690–664 KK) ndiye mjenzi mkuu wa nasaba hii. Nguzo yake moja bado imesimama Karnak. Biblia humwita Tirhaka, mfalme wa Kushi, aliyetoka kupigana na Senakeribu, mfalme wa Ashuru (2 Wafalme 19:9), ingawa wakati wa vita hivyo, mwaka 701 KK, alikuwa hajatawazwa. Mwaka 671 KK Esarhadoni, mfalme wa Ashuru, aliiteka Memphis. Mrithi wa Taharqa, Tanwetamani, aliikomboa kwa muda mfupi, lakini mwaka 663 KK Waashuru waliipora Thebes bila huruma. Mwaka 656 KK Thebes ikamtambua Psamtik wa Sais, kibaraka wa Waashuru aliyekuja kujitegemea.

Urithi

Nchini Kushi ukoo uliendelea kutawala, na baadaye makao yakahamia Meroe. Mchimbuaji Mmarekani George Reisner, aliyefukua makaburi yao ya Nuri na El-Kurru kuanzia 1916, alidai kwamba wafalme hao walikuwa Walibya. Dai hilo la kibaguzi limekwisha kutupwa. Jebel Barkal, El-Kurru na Nuri ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2003. Lakini Makumbusho ya Taifa ya Sudani mjini Khartoum, yaliyohifadhi vitu vya zama hizo, yaliporwa katika vita vilivyoanza Aprili 2023.