BASTOLA ZA KIZAMANI ZA FATAKI: KABLA HUJATAFUTA AU KUNUNUA, SOMA HAPA KWANZA

Leo nakuja na mada ambayo sikuwahi kufikiria kama nitaiandika. Mimi ni kijana wa kawaida tu wa Kilwa, nimeishia kidato cha nne, naandika habari za huku kwetu kusini kwa kujitegemea. Mtaalamu wa silaha sio mimi. Ila nimehangaika na jambo hili karibu miezi miwili, nikauliza wazee, nikasoma sheria, na nusura nijiingize kwenye matatizo. Nimeona niyaweke yote sehemu moja ili mwingine asihangaike kama mimi.

ILIVYOANZA

Nina binamu yangu Muscat, mtoto wa shangazi. Wenzetu wa kule wanapenda sana vitu vya kale, sebuleni mtu anatundika majambia, bunduki za zamani, masanduku ya Kizanzibari. Siku moja akanitumia ujumbe na picha ya rivolva, ile bastola yenye silinda inayozunguka, ya miaka ya 1800. Akasema: "Mdogo wangu, kwenu Kilwa si ndiko walikopita Waarabu na Wajerumani? Hizi lazima zipo tele. Nitafutie moja, original au hata kopi nzuri, pesa sio tatizo."

Mimi nikaona dili hilo. Nani asiyetaka hela?

KWANZA, HIZI BASTOLA NI KITU GANI?

Tuanze na neno lenyewe. Fataki hapa sio zile za sikukuu. Ni kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ndani, kikigongwa kinatoa cheche. Kabla ya fataki watu walitumia gumegume, yaani jiwe linalopiga chuma. Gumegume lilikuwa na shida zake: mvua ikinyesha, bunduki inagoma. Mwaka 1807 mchungaji mmoja wa Scotland, Alexander Forsyth, akapata hataza ya kuwasha baruti kwa dawa inayolipuka ikigongwa. Kufikia miaka ya 1820 vikofia vya shaba vikaanza kuenea.

Hapo ndipo alipoingia Mmarekani Samuel Colt. Alipata hataza ya rivolva Uingereza mwaka 1835 na Marekani mwaka 1836. Silinda ina matundu kadhaa, kila tundu linajazwa baruti na risasi kwa mbele, na nyuma yake kuna kifa, ndipo fataki inapovishwa. Ukivuta nyundo silinda inazunguka, tundu linalofuata linakaa mbele ya mtutu. Maarufu zaidi ni Colt Navy ya 1851 na Colt Army ya 1860, pamoja na ile ya Remington ambayo wengi wanaiita ya 1858. Kuanzia miaka ya 1870 risasi za ganda la shaba zikatawala, na bastola za fataki zikabaki historia.

ZILIFIKA KWETU?

Nilidhani hili swali ni la kubahatisha, kumbe lina jibu. Tarehe 30 Aprili 1840 meli ya Seyyid Said iitwayo Sultana, chini ya mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, ilifika New York ikitokea Unguja. Wamarekani nao wakarudisha zawadi kwa Sultani, na miongoni mwake zilikuwamo silaha za Colt zenye kuzunguka. Kwa hiyo rivolva ilijulikana katika ikulu ya Unguja mapema kuliko tunavyodhani.

Ila kwa mtu wa kawaida wa pwani yetu hadithi ni nyingine. Kilwa Kivinje ilikuwa mlango wa misafara ya kwenda Ziwa Nyasa, na bidhaa iliyopanda bara pamoja na nguo na shanga ilikuwa bunduki. Sio rivolva. Ni bunduki ndefu za kujaza mdomoni, ambazo leo sote tunaziita gobore. Halafu mwaka 1890 mataifa yalisaini Mkataba wa Brussels, wakazuia Waafrika wasipate bunduki za kisasa. Walichoruhusu ni bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida. Ndio maana vita vya Majimaji vilipoanza Julai 1905 kule Nandete, Umatumbini, wazee wetu walikuwa na mikuki, mishale na magobore, mwenzao ana bunduki za kisasa na bombomu.

Kwa hiyo mtu akikwambia ana "bastola aliyotumia Makunganya", muulize vizuri. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa Kivinje mwaka 1895. Hadithi zake ni nyingi na wauzaji wanazijua vizuri kuliko sisi.

ORIGINAL NA KOPI: JINSI YA KUTOFAUTISHA

Kopi za bastola hizi zilianza kutengenezwa kwa wingi Italia mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa ajili ya soko la Marekani lililokuwa likijiandaa kukumbuka miaka 100 ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Makao yake ni bonde la Val Trompia, mji wa Gardone. Kampuni ya Uberti ilianza 1959, na Pietta nayo ni jina kubwa. Hizi sio midoli wadau. Zinapiga kweli na zinaua kweli.

Mambo ya kuangalia:

1. Alama za ukaguzi. Kopi ya Italia hupigwa mihuri serikalini. Herufi PN zenye nyota juu maana yake imepimwa kwa baruti nyeusi.

2. Alama ya mwaka. Kwenye kijisanduku kidogo kuna herufi. Kuanzia 1975 walianza na AA, 1976 AB, na kuendelea. Ukiona herufi mbili ndani ya kijisanduku, hiyo bastola haijawahi kumuona Mjerumani.

3. Maandishi ya Kiingereza kwenye mtutu yanayoonya itumike baruti nyeusi tu. Mtu wa 1851 hakuhitaji onyo hilo, baruti nyeusi ndiyo pekee iliyokuwepo.

4. Sehemu iliyosuguliwa kwa tupa. Kama chuma chote kina kutu lakini sehemu moja imelainika, jua kuna kitu kimefutwa.

5. Michoro. Silinda ya Colt Navy ina mchoro wa vita vya majini vya Campeche, Mei 1843. Kopi nazo wanauweka, kwa hiyo mchoro peke yake usikudanganye.

Kuna aina ya tatu pia, kopi za mapambo zisizoweza kupiga kabisa, kama za kampuni ya Denix ya Hispania. Zinatengenezwa kwa madini mepesi, mtutu umezibwa.

NILICHOKUTANA NACHO

Kupitia mtu wa mtu nikapelekwa kwa jamaa mmoja anayesema anauza "mali ya Mjerumani". Tukakutana jioni, nyuma ya nyumba. Akafungua kitambaa: rivolva, mpini wa mbao, kutu kila mahali. Bei aliyotaja ningenunua bodaboda mpya na chenji ikabaki. Nikaomba nimulike kwa tochi ya simu. Chini ya silinda nikaona PN, na pembeni kijisanduku chenye herufi mbili. Kutu ile nadhani ilipakwa maji ya bahari wiki iliyopita.

Nikamwambia, "Kaka, hii mbona ya juzi?" Akacheka, akasema, "Mdogo wangu, mnunuzi wako atajua?"

Hapo ndio nikashtuka. Sio kwa sababu ya utapeli. Nilijiuliza: hii bastola inapiga, haina karatasi hata moja, na mimi nimeishika mkononi. Polisi wakipita sasa hivi, nani atasikiliza habari ya binamu wa Muscat? Nikaaga nikaondoka. Usiku ule sikulala, asubuhi nikaanza kutafuta sheria.

SHERIA INASEMAJE

Tovuti nyingi mtandaoni zinasema bastola za fataki hazihitaji leseni, unaagiza inakuja hadi mlangoni. Ni kweli, kwa Marekani. Sheria yao ya 1968 inazihesabu silaha zilizotengenezwa 1898 au kabla, na kopi za fataki, kuwa vitu vya kale. Uingereza hapo hapo, kopi inayopiga inahitaji cheti cha polisi. Kila nchi na lake.

Kwetu kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Silaha inayopiga ni silaha, iwe ya jana au ya babu. Kuimiliki kunataka leseni, mwombaji awe na miaka 25 au zaidi, na maombi yanaanzia serikali ya kijiji au mtaa, yanapanda kata, wilaya hadi ngazi za juu za polisi. Kuingiza kutoka nje bila kibali ndio usijaribu kabisa. Mahakama zetu zimewafunga watu kwa gobore tu, na kesi hizi hufunguliwa kama uhujumu uchumi, ambapo kifungo kinaweza kuwa miaka 20 au zaidi.

Na ukipata original kweli? Hapo unakutana na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuvitoa nje ya nchi kunataka kibali. Kwa hiyo ile biashara ya "nitumie Muscat" ilikuwa na makosa mawili kwa pamoja.

GOBORE LA BABU

Sasa nifike kwenye sehemu iliyonifanya niandike. Nilipomsimulia bibi haya yote, akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Mjukuu wangu, unahangaika nje, na la babu yako lipo darini."

Kumbe gobore la marehemu babu, alilolitumia kufukuza nguruwe shambani kwenye mihogo, halikuondoka. Babu alifariki 2009. Karatasi zake kama zilikuwepo zimeliwa na mchwa, na hata zingekuwepo, leseni haiachwi urithi kama shamba. Miaka yote hiyo bibi alikuwa anaishi na kesi juu ya kichwa chake bila kujua.

Nakiri shetani alinipitia. Nikafikiria kulipiga picha nimtumie binamu. Lakini nikamwangalia bibi, nikaona kama ni jela ataenda yeye, nyumba ni yake. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, yeye akapiga simu kituoni. Hatukulibeba barabarani, akasema askari watalifuata wenyewe.

Walikuja wawili, wakamsalimia bibi shikamoo, wakapanda. Mmoja akauliza, "Limejazwa hili?" Nikajibu hapana afande, mwenyewe kafa zamani. Akachomoa mdeki, akautumbukiza mtutuni taratibu, akaushika pale ulipoishia, akautoa na kuulaza juu ya mtutu kwa nje. Ulipungua karibu viganja viwili.

"Dogo," akasema, "limejaa hili."

Baruti nyeusi ikikaa pakavu haifi, inakungoja. Chini ya dari lile wanalala wadogo zangu watatu, na mara ngapi wamepanda kule kutafuta mpira. Bibi alikaa chini kwenye mkeka akawa anasema "Alhamdulillahi" tu.

USHAURI WANGU

Kama unapenda historia, nenda ukaone. Makumbusho ya Taifa yapo Dar, ya Majimaji yapo Songea. Kama unataka pambo, chukua lisilopiga, na hata hilo waulize polisi kwanza, tena usiliingize ndani ya ndege kwenye mkoba. Kama uko Oman, soko la Muttrah lipo mlangoni kwako, nunua huko kwa sheria za huko, usimtume ndugu yako wa Kilwa.

Na kama nyumbani kuna gobore la marehemu, usilishike, usijaribu kulifyatua "kuona kama linafanya kazi", usilisafishe. Mwone mwenyekiti au kituo. Umoja wa Afrika umeufanya Septemba kuwa mwezi wa msamaha wa silaha hadi mwaka 2030, na hapa kwetu serikali ilitangaza msamaha Septemba na Oktoba 2022. Lakini usisubiri tarehe kama una watoto ndani ya nyumba.

Binamu alininunia wiki mbili. Nikamtumia picha ya mdeki nilioomba kuupiga kabla askari hawajaondoka, na alama ya kidole pale ulipoishia. Akajibu neno moja tu: "Samahani."

Naomba kuwasilisha. Mwenye ujuzi zaidi anisahihishe, tuko pamoja.