Maji, takataka, kodi: mkaaji wa Bunia apeleke malalamiko yake wapi?

Wasikilizaji wanatuuliza swali moja kwa namna nyingi. Maji hayatoki tangu siku kadhaa, nimuone nani? Mtaro umejaa, mvua ikinyesha maji yanaingia mu nyumba, ni kazi ya nani? Mtu amekuja sokoni anaomba pesa bila karatasi, nilipe ao nisilipe?

Mara nyingi mwenye kuuliza amekwisha kulalamika kwa jirani, kwa chef wa avenue, hata hapa ku radio. Malalamiko ya mdomo yanasikilizwa, kisha yanapotea. Lakini sheria ya inchi inatoa njia ingine, yenye siku za kuhesabu, na watu wengi hawaijui. Tumekusanya hapa mambo ambayo kila mkaaji anapaswa kujua.

Nani anafanya kazi gani

Mji wa Bunia uko na komini tatu: Mbunya, Nyakasanza na Shari. Komini zinagawanywa kwa makartye, na makartye kwa ma-avenue. Sheria ya tarehe 7 mwezi wa 10, 2008, juu ya miji, komini, sekta na shefferi, inagawa kazi. Komini inashugulikia usafi na kuondoa takataka, barabara ndogo na mitaro yake, masoko ya komini, na kuandikisha waliozaliwa, waliooa na waliokufa. Mambo yenye kugusa mji muzima, kama barabara kubwa na masoko makubwa, ni ya meya.

Kartye haina bajeti yake. Chef wa kartye ni jicho na mdomo wa bourgmestre, mkubwa wa komini. Kumutukana ju ya daraja yenye imevunjika ni kumutukana mtu asiye na mfuko. Lakini ana uwezo wa kufika, kuona, kuandika kwamba shida ni ya kweli, na kupeleka barua juu. Hiyo tu inasaidia sana, sababu ofisi ya komini haitasema tena kwamba haikujua.

Sheria hiyo ya 2008 ilitaka pia komini iwe na washauri wenye kuchaguliwa na raia. Uchaguzi wa kwanza wa washauri hao, katika komini za miji mikuu ya majimbo, ulifanyika tarehe 20 mwezi wa 12, 2023, miaka 15 kisha sheria kutoka. Katika muda huo wote raia alizoea kuona komini kama ofisi ya kulipia, si ofisi ya kuulizia.

Maji na umeme

Hapa mlango ni mwingine. Maji ya robine ni ya REGIDESO. Umeme wa mji tangu zamani ulitoka kituo cha Budana, ku mto Shari, chenye kilijengwa wakati wa wakoloni kwa ajili ya kazi ya zahabu ya Kilo-Moto. Kituo hicho ni cha SOKIMO. Kisha sheria ya umeme ya 2014 na sheria ya maji ya 2015, kampuni zingine pia zinaweza kuingia mu kazi hizo.

Ni kusema malalamiko ya kwanza yanaenda kwa kampuni yenye kukupatia facture, si kwa bourgmestre. Beba facture, onyesha tangu tarehe gani huduma imekosekana, omba waandike malalamiko yako na wakupe namba ao kopi. Kama ni avenue nzima imekosa, musiende mumoja mumoja. Andikeni barua moja, na kopi yake muitume kwa meya na kwa gavana wa jimbo.

Katiba, kwa article 48, inasema kila mtu ana haki ya kupata maji ya kunywa na umeme. Haki hiyo peke yake haifungui robine, lakini inapa barua yenu nguvu: hamuombi zawadi.

Pesa yenye kuombwa

Article 174 ya Katiba inasema kodi inawekwa na sheria tu. Mtu hawezi kuamuka asubuhi na kutunga kodi yake, hata kama amevaa uniforme. Mwenye kuomba pesa anapaswa kuonyesha karatasi ya kazi na kusema kodi hiyo inaitwa namna gani, na inaenda kwa nani: komini, mji, jimbo ao serkali ya Kinshasa. Ukilipa, chukua quittance. Soma yenye kuandikwa juu yake: jina la ofisi, kiasi, tarehe. Ichunge. Mama mwenye kuuza nyanya na quittance ya asubuhi mu mfuko anaweza kumujibu mtu wa pili mwenye kuja mangaribi. Mwenye hana, analipa mara mbili.

Jambo moja lenye wazazi wengi wanalipia bure: kumuandikisha mtoto. Sheria ya jamaa, ile iliyogeuzwa mwaka 2016, inapa mzazi siku 90 kisha mtoto kuzaliwa ili amuandikishe kwa bure ku ofisi ya état civil. Siku 90 zikipita, njia inapita ku tribinali, na hapo gharama na safari zinaanza. Mwenye mtoto mdogo nyumbani ahesabu siku leo.

État de siège imebadilisha nini

Tangu tarehe 6 mwezi wa 5, 2021, Ituri na Nord-Kivu ziko chini ya état de siège, sababu ya vita na mauaji. Ilianza kwa siku 30, kisha ikaongezwa mara nyingi, siku 15 kwa siku 15. Kwa utawala huo gavana wa jimbo ni mwanajeshi, naibu wake ni polisi, na kiti cha meya pia kilipewa mtu wa polisi. Amri ya mwezi huo wa 5 iliwapa wakubwa hao uwezo wa kukataza mikutano, kupunguza matembezi ya watu, na kusaka manyumba usiku na mchana.

Kwa mkaaji, hii ina maana mbili. Ya kwanza: amri zingine zenye unaziona mu mji hazitoki kwa komini. Kumuuliza bourgmestre aziondoe ni kugonga mlango usio wake. Andika kwa gavana. Ya pili: kutoka barabarani kuonyesha hasira ni hatari kuliko mbele. Vijana wanaweza kukamatwa. Ndio maana barua imekuwa na bei kubwa zaidi.

Petisio na miezi mitatu

Article 27 ya Katiba inasema kila Mkongomani ana haki ya kuandikia wakubwa wa serkali petisio, peke yake ao pamoja na wengine. Mkubwa aliyeandikiwa anapaswa kujibu katika miezi mitatu. Na hakuna mtu wa kufunguliwa mashtaka ju ya kuandika petisio.

Petisio nzuri haihitaji maneno makubwa. Ukurasa moja unatosha:

1. Sisi ni nani: avenue, kartye, komini.
2. Shida ni nini, iko wapi, tangu tarehe gani. Hesabu kitu chenye kinaonekana: manyumba mangapi maji yameingia, siku ngapi bila maji.
3. Tunaomba nini. Kitu kimoja ao viwili. «Tunaomba mtaro wa avenue yetu usafishwe mbele ya mvua» ni bora kuliko «tunaomba maendeleo».
4. Majina na sahihi, pamoja na jina la mtu mmoja wa kuitwa kwa jibu.

Ofisi zinafanya kazi kwa Kifaransa, kwa hiyo barua iandikwe kwa Kifaransa. Lakini isomwe kwa sauti kwa Kiswahili mbele ya watu wote, ndipo watie sahihi. Mtu mwenye ametia sahihi bila kuelewa ndiye wa kwanza kusema «mimi sikuwa mo» siku akiulizwa.

Musitaje mtu kwa jina kwamba ameiba kama hamuna ushahidi. Sheria ya makosa inaazibu kumuharibia mtu jina. Semeni yenye mumeona, si yenye mumesikia.

Kisha tengenezeni kopi mbili ao tatu. Mupeleke barua ku secrétariat, na ku kopi yenu muombe accusé de réception: tarehe, sahihi ya aliyepokea, na kashe ya ofisi. Bila kashe hiyo hamuna kitu cha kuhesabia. Barua yenye imepokelewa tarehe 10 mwezi wa 3 inangojewa jibu mpaka tarehe 10 mwezi wa 6.

Jibu likikosekana

Miezi mitatu ikipita kimya, musianze upya. Andikeni kwa mkubwa wa juu: kutoka komini kwenda kwa meya, kutoka kwa meya kwenda kwa gavana. Fungeni nyuma ya barua mpya kopi ile yenye kashe. Mupatie kopi pia société civile, na muje nayo ku radio. Mwanahabari akienda kumuuliza bourgmestre na karatasi yenye kashe ya ofisi yake mwenyewe mu mukono, swali lake linageuka. Haulizi tena kama raia wanalalamika. Anauliza sababu gani barua ya tarehe fulani haijajibiwa.

Hatusemi kwamba kila petisio italeta maji ao kufunga shimo. Bajeti ni ndogo, na usalama unakula pesa na muda. Lakini hata jibu la «hapana, pesa haiko» ni jambo kama limeandikwa: mwaka ujao mutalionyesha na kuuliza pesa iliyopatikana imeenda wapi. Avenue yenye haijaanza inaweza kuanza na vitu viwili: daftari yenye kuandikwa tarehe za shida, na mtu mmoja mwaminifu wa kulichunga.