Kalanga mfukoni: chakula cha kudanganya njaa katika historia ya Kipushi

Tukiandika juu ya chakula cha kwetu, kwa kawaida tunaanza na bukari, sombe na samaki, kwa maana hicho njo chakula cha mezani. Kile cha katikati, kile mtoto anatia mfukoni akienda kwenye masomo, ao mfanyakazi anafunga ndani ya karatasi mbele ya kushuka mgodini, watu hawakiandike sana. Hakina hata jina moja. Wengine wanasema «kitafunio», wengine «kitu cha kudanganya njaa». Mimi nitakamata jina hilo la pili, juu linasema kweli.

Sababu ya kuandika ni hii. Katika magazini makubwa ya Lubumbashi tunaona sasa vijiti vya granola, vimefungwa vizuri katika karatasi inayong'aa, picha ya asali na shayiri juu yake. Wazazi wenye feza kidogo wanavinunua kwa ajili ya watoto na kusema: «Hiki ni chakula cha afya, wazungu wenyewe wanakikula.» Basi tuangalie kidogo historia yake, halafu tuangalie yetu.

Granola ilizaliwa hospitalini. Katika mwaka 1863, daktari James Caleb Jackson, huko Dansville katika jimbo la New York, alioka unga wa ngano mara mbili na kuuvunja vipande vigumu. Aliviita «granula», na wagonjwa walipashwa kuvilowesha usiku kucha mbele ya kuweza kuvitafuna. Daktari John Harvey Kellogg wa Battle Creek alitengeneza chakula cha namna ile ile, na kisha mabishano juu ya jina akabadilisha herufi moja: granola. Zamani zile hakikuwa kitu kitamu hata kidogo. Sukari na asali ziliingia kwa wingi nyuma, na kijiti chenyewe cha kubeba mfukoni kilienea Amerika katika miaka ya 1970. Leo pakiti moja ya gramu 42 hivi ya aina inayojulikana sana inatoa nguvu ya kalori 190, protini gramu 3 ao 4, nyuzi gramu 2 hivi, na sukari gramu 11, ndiyo kusema karibu vijiko vitatu vidogo. Shayiri ile ni nzuri kweli, siikatae. Lakini kinachoishikamanisha ni sukari.

Sasa tukamate gramu 42 za kalanga za kukaanga, mkono mmoja wa mtu mzima unaojaa vizuri. Kalori karibu 240, protini gramu 10 ao 11, nyuzi zaidi ya gramu 3, na sukari yake ni kidogo sana. Haina karatasi ya kung'aa, inauzwa kwa kikopo cha tomato mbele ya lango la kila sokoni.

Wazee wanapenda kusema kwamba mahindi na kalanga ni chakula cha mababu. Kama mwalimu wa historia napashwa kusema polepole: vyote viwili vilitoka Amerika, vikaingia Afrika pamoja na biashara ya Wareno kisha mwaka 1500. Mbele yake, Balamba na majirani zao walikuwa na masaka, ulezi na njugu mawe. Lakini karne zimepita, na kukaanga mahindi makavu pamoja na kalanga ndani ya chungu kimoja kumekuwa desturi yetu sawasawa. Desturi haiulizwe pasipoti.

Kilichobadilisha chakula hiki zaidi ni mgodi. Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville katika mwaka 1910, na magari yake yalileta unga wa mahindi kwa ajili ya wafanyakazi. Union Minière ilianza kuchimba hapa Kipushi mu 1924, na mgodi ukapewa jina la Prince Léopold. Miaka michache nyuma, kuelekea 1928, kompani ilibadilisha siasa yake: badala ya kukamata watu kwa miezi michache na kuwarudisha mijini mwao wakiwa wamechoka, ao kuwazika, ilitaka mfanyakazi akae na bibi na watoto katika kambi. Kwa hiyo ilipashwa kuwalisha wote. Mposho ukawa unga, maharagi, kalanga, mafuta ya ngazi, chumvi, nyama ao samaki. Watoto walipimwa uzito na kupewa chakula chini ya macho ya masista na waganga. Haikuwa upendo tu: kompani ilihesabu. Mtoto mwenye afya wa kambini ni mfanyakazi wa kesho, asiye na haja ya kutafutwa mbali.

Lakini kwa nini kalanga, na si unga peke yake? Hapa kuna jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa. Mtu anayekula mahindi karibu peke yake anaweza kupata pelagra: ngozi inachubuka penye jua, tumbo linaharibika, akili inachafuka. Daktari Joseph Goldberger, kusini mwa Amerika, tangu 1914 alionyesha kwamba ugonjwa huo hauambukize, unatoka katika sahani; na mu 1937 Conrad Elvehjem alipata kujua kinachokosekana, vitamini inayoitwa niasini. Ndani ya mahindi niasini imefungwa, mwili hauipate vizuri. Ndani ya kalanga iko nyingi: miligramu 12 hivi katika gramu 100. Gramu 30 mfukoni mwa mtoto wa miaka kumi zinamupa karibu sehemu ya tatu ya ile anayohitaji kwa siku. Bibi aliyechanganya mahindi na kalanga hakujua neno niasini, lakini chungu chake kilikuwa sawa.

Tusitie chumvi nyingi, hata hivyo. Kalanga hazimalize yote. Mahindi yanakosa lizini, sehemu moja ya protini ambayo mtoto anaihitaji kukua, na kalanga pia zinayo kidogo. Maharagi yanasaidia, na vinkubala pia. François Malaisse, aliyefanya utafuti wa miaka mingi katika pori letu la miombo, alipima pamoja na Parent aina 23 za vinkubala vya kusini mwa inchi na kutoa matokeo mu 1980: kwa wastani, zaidi ya gramu 63 za protini katika gramu 100 zilizokauka. Mikono miwili ya vinkubala vya kukaanga wakati wa mvua, basi ni nyama. Na chikanda, ile tunakata vipande kama soseji, ni viazi vidogo vya orkide vilivyotwangwa na kupikwa na unga wa kalanga na pilipili. Watu wanasifu viazi. Kwa mawazo yangu, protini ya chikanda ni ya kalanga. Na orkide zenyewe zinapungua, wachimbaji wanakwenda mbali zaidi kila mwaka.

Kisha 1993 ilikuja. Gécamines ilisimamisha kazi ya Kipushi, na mgodi ukanyamaza hata 2024, miaka 31. Sisi tuliokuwa watoto wa kambi tunakumbuka: mshahara ulichelewa, halafu ukakosa, mposho ulipungua kitu kimoja kimoja. Nyama ilitangulia, kalanga zikafuata, unga ulikaa wa mwisho. Mu 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kwa ile tuliita «départ volontaire». Wamama ndio walishika nyumba, kwa meza ndogo mbele ya mlango: mkate wa kukaanga, sukari, chumvi. Leo, wakati wa mapumziko, ninaona wanafunzi wengi wananunua mkate wa unga mweupe uliokaangwa na maji ya sukari yenye rangi. Saa tano wanasinzia. Njaa imedanganywa kweli, lakini mwili haukudanganyika.

Jambo la ajabu ni kwamba kalanga zimerudi kwa njia nyingine. Mu 1996 Wafaransa André Briend na Michel Lescanne walitunga Plumpy'Nut: siagi ya kalanga, maziwa ya unga, mafuta, sukari na vitamini, kalori 500 katika gramu 92. Mtoto mwenye utapiamlo mkali anapewa hiyo kwenye kituo cha afya, anainyonya kutoka pakiti yake na kupona nyumbani. Mama mmoja aliniambia: «Mwalimu, hii si ni kalanga tu banatwanga?» Si kalanga tu, mama, lakini ni kalanga mbele ya yote.

Neno moja kwa wanunuzi. Kalanga zilizolala penye unyevu zinaota ukungu wenye sumu, aflatoksini, inayoharibu ini. Ilijulikana kisha bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mu 1960 kwa kula kalanga zilizooza. Kukaanga hakuiondoe yote. Kwa hiyo muangalie mama anayeuza: yule anayekaa na ungo kwenye magoti, anatoa moja moja zilizokunjamana, nyeusi, zenye kijani, na kuzitupa, kwake njo mununue, hata kama kikopo chake kinazidi franka mia.